Kikapu cha Crescencio

Kwa miaka ishirini na miwili Amparo Curiel alifanya safari ileile. Kila Alhamisi, saa mbili kasorobo asubuhi, alisimama mlangoni mwa hoteli moja ya ufukweni pale Puerto Vallarta, kofia ya ukili kichwani na orodha ya majina mkononi, akawapakia wageni kwenye basi dogo la Nazario, nao wakaipa bahari mgongo. Barabara ilipanda milima kwa kona zisizokwisha. Baada ya saa nzima walifika bustani ya Palo María, kwenye okidi na vanila, wakatembea humo hadi saa sita. Kisha basi lilipanda tena mpaka kwenye misonobari na mialoni, mpaka Santa Rita, mji mkongwe wenye nyumba za udongo zilizopakwa rangi ya chungwa lililoiva. Huko walikula, wakaonja pombe ya mkonge, wakanunua jibini, wakapiga picha kanisa. Saa kumi jioni walianza kuteremka.

Amparo alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na sita, mwendo wake wa haraka, na sauti yake ilifika nyuma ya kundi bila yeye kuipandisha. Kiingereza alijifunzia katika chumba cha kufulia mashuka cha hoteli, enzi zile mume alipomwachia mtoto wa kike na kodi ya nyumba. Wageni wakipita ukumbini wakizungumza, yeye huku ndani alikuwa akirudia maneno yao mpaka ulimi ukazoea. Mimea ndiyo hakuijua hata kidogo. Siku ya kwanza kuingia bustani ya Palo María na wageni, alikuwa akiyaita makangaga yote “majani ya kivulini,” na mtunza bustani mmoja aliyekuwa akipogoa karibu hapo akamsikia, akacheka hadi akakaa chini.

Mtunza bustani huyo alikuwa Crescencio Joya, mzaliwa wa Santa Rita. Baada ya kucheka alimwita pembeni, akamwambia kwamba akifika nusu saa mapema kila Alhamisi atamfundisha. Na alimfundisha kweli. Miaka mingi Amparo alikuwa akimwomba Nazario awahi, na wageni wakiwa wanakunywa kahawa barazani, yeye na Crescencio walipita kitaluni, Crescencio akishika kila jani kama mtu anayeshika sikio la mtoto wake. Kila kitu ambacho Amparo aliwaambia wageni kuhusu mimea, na kilichompatia bakshishi na sifa, kilitoka mdomoni mwa mtu huyo.

Ndiyo maana jambo alilomfanyia, miaka kumi na moja iliyopita, halikumtoka moyoni hata siku moja.

Lilikuwa hivi. Baada ya kimbunga fulani, Crescencio aliokota okidi ndogo kwenye gogo la mwaloni lililoanguka korongoni. Hakuna pale bustanini aliyeijua ni ya aina gani. Aliipanda kwenye chungu, akaitunza miaka minane bila ya yenyewe kutoa hata ua moja, wenzake wakawa wanamtania kwamba analea kitunguu. Mwaka wa nane ikatoa tumba. Habari zikaenea, meneja akapanga kuita wataalamu kutoka Guadalajara waje waione ikichanua.

Alhamisi ya wiki hiyo, kati ya wageni wa Amparo alikuwamo mzee mmoja mpole mwenye kofia pana, aliyekuwa akija kila mwaka na kila mwaka akimletea wateja wapya. Hata hoteli ilimpa Amparo safari za Alhamisi kwa sababu ya maneno mazuri ya mzee huyo. Kundi likiwa limetangulia, Amparo alirudi kitaluni kumtafuta, akamkuta anakitoa chungu kwenye rafu. Mzee alikizungushia sweta lake taratibu, akakitia mkobani. Kisha akageuka, akamwona Amparo, akatabasamu.

Amparo akageuza macho, akatazama mto uliopita chini ya kitalu.

Hakukuwa na zaidi ya hapo. Hakutishwa, hakuhongwa. Aliwaza tu kwamba ni mmea, mimea iko elfu, na kwamba akisema neno mbele za watu, mzee yule hatarudi tena wala rafiki zake. Akawaza atasema baadaye. Njiani akanyamaza. Jioni mzee akashuka hotelini na mkoba wake, akamshika mkono, akamshukuru kwa siku nzuri.

Jumamosi meneja aliwaita wote waliokanyaga bustani wiki ile, waongozaji pamoja nao. Aliwauliza mmoja mmoja. Alipomuuliza Amparo kama aliona mtu karibu na kitalu, Amparo alisema hakuona lolote la ajabu. Meneja akamtazama tu, hakuandika, hakumruhusu aondoke. Amparo akasikia mdomo wake unaongeza sentensi moja: “Alhamisi asubuhi nilimwona Crescencio anatoka kitaluni na kikapu.”

Ilikuwa kweli. Neno kwa neno ilikuwa kweli tupu.

Crescencio alifukuzwa Jumatatu. Hawakumpeleka polisi, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi, ila bustani zote na hoteli zote za pwani zilikuwa zimeshapata habari kwamba kuna mtunza bustani aliyeuza okidi adimu kwa wageni. Alizunguka mwaka mzima akitafuta kazi, akaenda kuvuna tumbaku Nayarit, akarudi amekonda. Mwishowe akarejea Santa Rita kwa mkewe Obdulia na binti yao Yadira, aliyekuwa na miaka mitano, akashika kazi ya baba mkwe wake ya kushona makubazi. Alikuwa na mikono mizuri. Makubazi yake, ya ngozi laini na soli za tairi, yalidumu. Lakini nyumbani kwake hakuna mmea hata mmoja alioupanda yeye. Maua ya Obdulia yaliyokuwa kwenye makopo dirishani yangeweza kukauka, yeye akipita kando yake asiyatilie hata kikombe cha maji.

Amparo alipojua kwamba Crescencio amefungua duka uwanjani Santa Rita, alianza kuwapeleka wageni wake pale kila Alhamisi, kabla ya duka lingine lolote. Aliwaambia kwamba milima yote ile haina fundi kama huyu. Wageni wakanunua. Crescencio na mkewe wakaona wamepata mtu wa kuwajali wakati wengine wote wamewakimbia. Walimpa jibini za kubeba, walimwekea kiti, Obdulia alimwita dada. Na Amparo alikikalia kile kiti miaka tisa. Mara mbili aliungama kwa padre wa mtaani kwake, na mara zote mbili padre alimwondolea dhambi akamwambia aende akayaseme kwa mwenyewe. Baada ya mara ya pili alihamia parokia nyingine.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Machi, Obdulia alimshika mkono akiwa anakunywa kahawa dukani.

“Dada Amparo, Yadira anatimiza miaka kumi na mitano mwezi wa tano,” alisema. “Tumekaa na baba yake, tumezungumza. Na mwenyewe Yadira ndiye aliyesema kabla yetu. Tunataka usimame naye kanisani.”

Huko msichana akifika miaka kumi na mitano hufanyiwa misa na sherehe ya kuingia utu uzima, na kusimama naye siku hiyo ni kuwa mama yake wa pili mbele ya padre na mji mzima: kumvisha taji, kumshika mkono mpaka altareni, na kuanzia hapo wewe na wazazi wake mnakuwa ndugu mpaka kufa. Hakuna anayeombwa mara mbili katika nyumba moja. Amparo, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuwaitikia watu, alisema ni heshima kubwa. Crescencio aliinua uso kutoka kwenye kazi yake, macho yamelowa, akasema kwamba wale wa bustani walipomtupa, Mungu alimbakishia mtu mmoja.

Wiki mbili zilizofuata Amparo hakula vizuri. Alinunua kitambaa cha gauni lake la kanisani, akakirudisha dukani, akakinunua tena. Alijiambia kwamba ataugua siku hiyo. Akajiambia kwamba atasafiri kwenda kwa binti yake Guadalajara. Kisha akamkumbuka Yadira alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akimngojea kwenye ngazi za kanisa ili amsomee maneno ya Kiingereza aliyojifunza shuleni, akaona aibu hata ya kubuni uongo mwingine.

Alhamisi ya wiki ya tatu ilikuwa na wageni tisa. Asubuhi ilikuwa ya jua, bustani imechangamka, ndege wadogo wanavuma juu ya maua mekundu. Amparo aliwaonyesha wageni mmea wa vanila unaopanda mti, akawaeleza jinsi ua lake linavyofunguka asubuhi moja tu. Bwana mmoja aliuliza kama watu huiba mimea pale.

“Zamani kidogo,” Amparo alijibu. “Sasa tuna ulinzi.”

Alisema “tuna.” Yeye aliyemwacha mwizi apite. Hatua chache baadaye akamwona mwanamke kijana wa kundi lake akiinama kwenye tuta la okidi, akichukua kitu na kukitia mkobani. Damu ikampanda. Alimwendea, akamwambia mbele ya wote, kwa ile sauti inayofika nyuma, afungue mkoba na arudishe alichokiiba, maana kuna watu wamepoteza riziki zao katika bustani hii kwa sababu ya wageni wenye mikono mirefu. Mwanamke akafungua mkoba. Kilikuwa kichipukizi kimoja cha urefu wa kidole. Alikirudisha, akaanza kulia. Mama yake, mwenye nywele nyeupe, akamwongoza kwenye benchi, na wengine wote wakajifanya wanasoma vibao vya majina ya mimea.

Amparo alisimama pale jua likimchoma shingo. Alijua kabisa kwamba yale maneno hayakuwa ya yule binti. Yalikuwa yake yeye, alikuwa ameyabeba miaka kumi na moja, na ameyatupa juu ya mtu wa kwanza aliyeinama.

Nazario, aliyekuwa akiendesha na ambaye kwa kawaida hakosi utani, alimtazama kwenye kioo.

“Bosi, leo umeamkia upande gani?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Endesha, Nazario.”

“Naendesha. Nauliza tu, maana hao nyuma wamenyamaza kama tunapeleka jeneza.”

Walipofika Santa Rita, Amparo aliwakalisha wageni kwenye mgahawa wa uwanjani, akahakikisha tortila, zile chapati za mahindi, zimewafikia zikiwa moto, akamwambia Nazario awaangalie. Kisha akavuka uwanja peke yake.

Crescencio alikuwa akikata soli kwenye tairi kuukuu, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwona yuko peke yake, akacheka.

“Wamekukimbia leo?”

“Wanakula.” Hakukaa. Kiti chake kilikuwa pale pale, na mto wake mdogo. “Don Crescencio, mimi siwezi kusimama na Yadira.”

“Una safari siku hiyo? Tutasogeza. Padre si mgumu.”

“Sina safari. Ile okidi yako. Niliona aliyeichukua.”

Kisu kilibaki ndani ya mpira. Crescencio hakukichomoa wala hakukisukuma.

“Nani?”

“Yule mzee wa kofia pana, aliyekuwa akija kila mwaka. Aliifunga kwenye sweta lake.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Karibu kama nilivyo na hii meza.”

Crescencio alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. Amparo alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa. Lakini swali lililokuja hakuwa amelitegemea kabisa.

“Ilikuwa imefunguka?”

“Nini?”

“Ua. Asubuhi ile niliiacha ikiwa tumba. Ulipoiona, ilikuwa imefunguka?”

Ilibidi akumbuke. Na alipokumbuka aliona kwamba hakuwahi kusahau. “Ilianza kufunguka. Nusu hivi.”

“Rangi gani?”

“Nyeupe. Ndani manjano, kama kiini cha yai.”

“Mimi nilidhani zambarau,” Crescencio alisema. “Kwa jinsi jani lake lilivyokuwa, nilidhani zambarau.” Akaitazama mikono yake kwa muda. “Meneja aliniambia kuna mtu aliniona na kikapu. Jina hakunitajia. Nilimfikiria kila mtu. Nilimchukia bure yule bawabu wa bustani mpaka akafa.”

“Ni mimi niliyesema.”

“Mle kikapuni mlikuwa na tortila na maharage.”

“Najua,” Amparo alisema. “Ulinipa moja.”

Hapo ndipo alipoanza kulia, na Crescencio hakumwambia anyamaze.

Obdulia aliingia akitokea kwa mshonaji, gauni la Yadira limemlalia mikononi kama mtu aliyezimia, la buluu ya anga, lenye marinda mengi. Alianza kusema kwamba kiuno kimetoka vizuri, kisha akaziona nyuso zao. Crescencio alisema neno moja tu, “Mwambie,” na Amparo akalazimika kuyarudia yote tangu mwanzo, chungu, sweta, mto, swali la meneja, kikapu. Mara ya pili yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu sasa aliyasikia.

Obdulia alikaa kwenye kile kiti, gauni mapajani. Hakumtazama Amparo. Alimtazama mumewe.

“Kwa hiyo kweli hukuuza,” alisema.

“Nilikwambia sikuuza.”

“Uliniambia.”

Crescencio aliinuka polepole kutoka kwenye kigoda. “Obdulia. Miaka yote hii?”

“Mwaka ule wa kwanza nilipekua mpaka ndani ya godoro,” Obdulia alisema. “Ulipokuwa Nayarit nilichimba chini ya jiwe la kufulia. Nilisema moyoni, mtu hafukuzwi hivi hivi, lazima kuna pesa mahali. Baadaye nikaacha kutafuta. Nikasema aliuza, zikaisha, basi, ni mume wangu na ni baba wa mtoto wangu. Nikakusamehe.”

“Ukanisamehe,” Crescencio alisema.

“Nilikusamehe, Chencho. Sikukwambia tu.”

Alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mkono mbaya. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, akiwa bado amevaa aproni ya ngozi, wakamsikia akivuka ua na kuufungua ule mlango wa mabati unaokwenda mtoni.

Amparo alisogea hatua moja. Alitaka kumshika Obdulia bega.

“Usiniguse,” Obdulia alisema. “Nenda. Wageni wako watakuwa wamemaliza kula.”

Na kweli walikuwa wamemaliza. Amparo alinawa uso kwenye bomba la uwanjani, akawapeleka kanisani, akawaeleza habari za kengele iliyoletwa kwa nyumbu na mafundi waliochanganya udongo na utomvu wa mpungate kutengeneza rangi ya kuta. Sauti ilitoka kama kawaida, na hilo lilimtisha. Alikuwa amewavunjia watu nyumba saa hiyo hiyo, na bado aliweza kuwachekesha wageni kwa habari za nyumbu. Hakuwapeleka kwenye duka la makubazi. Mmoja aliyesoma habari zake aliuliza, akaambiwa leo limefungwa.

Wakati wa kurudi alikwenda kukaa karibu na yule mwanamke kijana, akamwomba radhi. Yule binti hakugeuka kutoka dirishani.

“Kilikuwa kimeanguka chini,” alisema. “Nilikiokota. Nilijua hairuhusiwi, lakini kilikuwa chini.”

Amparo alisema anamwamini. Alikuwa amechelewa kuamini, kama ilivyo desturi yake.

Jumatatu alipanda basi la abiria peke yake hadi bustani ya Palo María. Meneja wa zamani alikwishafariki. Wa sasa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alimsikiliza mlango ukiwa umefungwa, akatafuta jalada la Crescencio Joya, akakuta karatasi moja tu ya kumwachisha kazi. Aliandika barua ya kurasa mbili, akamwomba Amparo atie sahihi chini ya maelezo yake, naye akaweka ya kwake chini ya neno “samahani.” Kisha, kwa adabu, akamwambia kwamba itakuwa vyema asiongoze wageni pale mpaka mvua ziishe. Hoteli nayo ilipopata habari ikamweka mtu mwingine. Amparo hakulalamika kwa yeyote. Binti yake alimpigia simu kutoka Guadalajara, akamuuliza kwa nini amejiharibia kazi kwa jambo ambalo kila mtu ameshalisahau, naye akashindwa kumweleza.

Barua ilipelekwa Santa Rita na Nazario, ambaye alikuwa na shangazi huko na ndiye aliyemletea Amparo habari miezi yote hiyo. Crescencio aliisoma akiwa amesimama, kisha akamkabidhi Obdulia aisome pia, akaingia karakanani. Alikuwa amehamishia mkeka wake humo. Mchana mkewe alimletea chakula, yeye akasema ahsante, Obdulia akarudi ndani. Hivyo tu, Nazario alisema, wiki baada ya wiki, wanaambiana ahsante kama wapangaji. Bustani ilimwita arudi kazini. Aliwajibu kwamba magoti yake hayawezi tena.

Sherehe ya Yadira ilifanyika Mei kama ilivyopangwa. Aliyesimama naye ni dada yake Obdulia kutoka Tomatlán. Amparo hakualikwa, wala hakutuma zawadi, maana aliona zawadi yoyote kutoka kwake itakuwa fidia ya kujifariji, kama wageni aliowapeleka dukani kila Alhamisi. Jumamosi hiyo alideki nyumba mara mbili. Baadaye Nazario alimwambia kwamba Crescencio alicheza ngoma ya kwanza na binti yake, kama baba anavyotakiwa, na kwamba ngoma ya pili ilipoanza alisimama katikati ya ukumbi asijue aende wapi, mpaka Obdulia akamfuata. Walicheza bila kuangaliana. Lakini walicheza mpaka mwisho wa wimbo.

Mvua zilipokwisha Amparo alianza tena, safari hii bila hoteli, yeye na Nazario na wageni wanne watano waliomwona kwenye simu zao. Kabla ya Alhamisi ya kwanza alimtuma Nazario kuuliza kama anaweza kuwaleta watu dukani. Jibu lilirudi kwa ufupi: makubazi yanauzwa, wageni waje, yeye abaki nje.

Basi alibaki nje. Wageni waliingia, yeye akasimama upande wa pili wa barabara chini ya ukuta wa ofisi ya mji, akiwa ameshika mikoba yao. Watu wa Santa Rita walimwona, na wote walijua kwa nini. Yadira alipita siku moja na sare ya shule, akamwamkia, “Shikamoo, Doña Amparo,” bila kupunguza mwendo. Zamani alikuwa akimwita shangazi. Wengine wakamshauri aache kupeleka wageni Santa Rita, miji ya kutembeza watu si mmoja. Hakuacha. Hakujua kama kusimama pale ni adhabu au ni ukaidi, ila alijua kwamba akiacha, duka lingepoteza wanunuzi, na yeye angejisikia nafuu, na nafuu hiyo hakuiamini.

Mwishoni mwa Novemba alikuja na mama mmoja mnene kutoka Kanada aliyetaka makubazi na hakujua neno la Kihispania. Amparo alimwona kupitia mlangoni akionyesha kidole gumba cha mguu, akionyesha kisigino, akitikisa kichwa. Obdulia alijitahidi kwa ishara. Ilichukua muda mrefu. Halafu Obdulia akatoka mlangoni, akafuta mikono kwenye kitambaa cha jikoni, akatazama upande wa pili wa barabara.

“Njoo,” alisema. “Huyu mama simwelewi.”

Amparo alivuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia tangu ile siku. Kiti chake hakikuwepo. Mahali pake paliwekwa cherehani ya ngozi. Mgeni alisema kwamba makubazi ni mazuri sana lakini yanambana kwenye vidole, na anaogopa kuyanunua. Amparo aliyatafsiri hayo akiangalia sakafu.

Crescencio hakuinua kichwa. Alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu.

“Mwambie ayavae na maji,” alisema. “Ayaloweshe, atembee nayo mpaka yakauke mguuni. Siku ya kwanza atanilaani. Siku ya tatu yatakuwa yake.”

Amparo alitafsiri. Mgeni alicheka, akasema atajaribu, akaomba na jozi nyingine ya mumewe. Obdulia alianza kutafuta saizi kwenye rafu ya juu, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia neno jingine, Amparo alirudi nje, akaokota mikoba, akangoja.